Ligi ya shule kisiwani Lamu: mwongozo wa kiranja wa michezo

Nilipopewa ufunguo wa stoo ya michezo nikiwa kidato cha tatu, nilikuta mipira miwili, mmoja umepasuka, pampu isiyo na sindano, na jezi za timu ya shule zimefungwa ndani ya gunia. Timu ya shule ilikuwa na vijana kumi na wanane. Sisi wengine wote tulikuwa mashabiki, na siku nyingine hata ushabiki ulitushinda tukaenda zetu gatini kutazama majahazi yakipakua. Wasichana hawakuwa na hata mpira mmoja wa kwao.

Nimeandika haya kwa ajili yako uliyechaguliwa mwaka huu kwenye baraza la wanafunzi ukapewa michezo. Kazi ya kuwafundisha wale kumi na wanane ni ya mwalimu. Kazi yako ni hao mamia waliobaki. Ukifanikiwa kuwaingiza uwanjani mara moja kwa wiki, umefanya jambo ambalo kombe halilifanyi.

Anza na saa

Kabla ya mipira, jezi na filimbi, tafuta wakati. Michezo mingi ya shule hufa hapa. Muhula unaanza vizuri, kisha mwalimu mmoja anaomba "nusu saa tu" ya kumalizia somo, wa pili anafuata, na kufikia wiki ya tano hakuna tena siku ya michezo.

Jua kwamba saa hiyo ina ulinzi. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 zimeweka masomo ya kutwa yaishe saa tisa na nusu, na kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo uwe wakati wa shughuli za nje ya masomo. Hilo lijue, lakini usiende kumsomea mwalimu wa hesabu kifungu cha kanuni mlangoni mwa darasa. Pitia kwa mwalimu wa michezo, naye apite kwa naibu wa mwalimu mkuu. Mwendee na karatasi iliyokwisha kuandikwa:

"Shikamoo, mwalimu. Tumepanga ligi ya ndani, wiki sita, Jumanne na Alhamisi. Ratiba ni hii, na waamuzi tumewapata. Tunaomba utusaidie kuziombea siku hizi mbili zisiguswe."

Mwalimu akiona ratiba imekamilika ni rahisi akubali. Ukienda na wazo tupu, umempa kazi ya pili juu ya ile aliyo nayo.

Sasa piga hesabu ya kweli. Adhana ya alasiri hapa kwetu huingia karibu na saa ile ile masomo yanapoisha. Watu waswali kwanza, wabadilishe nguo, wafike uwanjani saa kumi. Umebakiwa na dakika 45, kwa hiyo usipange mechi ya dakika 90. Panga vipindi viwili vya dakika 15, mapumziko ya dakika 5, na dakika 10 za kuingia na kutoka. Mechi fupi pia ni rehema kwa wasiozoea kukimbia.

Halafu kuna chuo, yaani madrasa. Wanafunzi wengi wa kutwa wanatakiwa madrasa baada ya alasiri, na mzazi wa Lamu akitakiwa kuchagua kati ya mpira na Kurani hatachagua mpira, na usimtake achague. Tafuta maalim wa madrasa wanakosoma wengi wa wenzako. Nenda na mwenzako mmoja, toa salamu, mpe mkono kwa adabu, umweleze kwamba mnaomba siku mbili kwa wiki na kwamba watoto watatoka uwanjani saa kumi na moja kasorobo bila kuzidisha. Kisha timizeni. Siku mtakayozidisha dakika ishirini ndiyo siku mtakayoipoteza imani yake. Mimi nilikwenda nikitetemeka, na maalim alichoniuliza ni kimoja tu: "Na wale wadogo nao wanacheza?"

Hesabu watu, kisha vitu

Mpe kila mwakilishi wa darasa karatasi yenye majina yote, aandike mbele ya kila jina mchezo ambao mtu huyo angependa. Usiulize "nani anacheza mpira?" maana watanyoosha mikono wale wale. Orodha iwe na kandanda, netiboli, voliboli, mpira wa mikono, riadha, kuvuta kamba na bao. Utashangaa wangapi wataandika kuvuta kamba, na bao ni mchezo wa akili unaostahili meza yake siku ya mashindano, kama unavyopewa nafasi kwenye sherehe za Maulidi hapa mjini pamoja na mbio za punda na za majahazi.

Wasichana waulizwe na msichana. Hili nitalirudia huko mbele.

Vitu ni vichache na vitaendelea kuwa vichache. Andika kilichopo, kilichopasuka, na kinachoweza kushonwa.

Kugawa timu: usigawe kwa mtaa

Hapa nilikosea vibaya. Mwaka wangu wa kwanza niligawa kwa mtaa: Mkomani upande huu, Langoni upande ule, wenzetu wa Shela na Matondoni wakajaza nafasi. Nilidhani ushindani utanoga. Mashindano ya pande hizi mbili za mji ni ya tangu enzi za mababu, na mimi niliyaleta uwanjani bila kufikiri. Mechi ya pili iliishia kwa mawe. Stoo ikafungwa mpaka mwisho wa muhula, na waliokosa michezo ni wale wale ambao hawakurusha jiwe hata moja.

Kwa hiyo changanya. Chukua orodha ya kila kidato na uigawe kama karata: wa kwanza timu ya kwanza, wa pili ya pili, mpaka wa nne, kisha unaanza tena. Wachezaji wa timu ya shule wagawe peke yao kabla ya wengine, ili wasirundikane mahali pamoja. Fanya hivyo hadharani, mbele ya manahodha, mwalimu akiwa amesimama hapo. Ukigawa chumbani utaambiwa umependelea, hata kama hukupendelea.

Majina ya timu yasiwe ya mtaa wala ya ukoo. Sisi tulichukua pepo nne: Kusi, Kaskazi, Matlai na Umande. Ni majina ambayo kila mtoto wa baharini anayajua na hakuna mtu anayeyamiliki.

Nahodha wa timu achaguliwe na timu yenyewe, na kila timu iwe na wawili, mvulana na msichana, wenye sauti sawa.

Ratiba

Timu nne zikikutana kila mmoja na mwenziwe mara moja ni mechi 6. Zikiwa nane ni mechi 28, na hapo muhula hautoshi. Afadhali makundi mawili ya timu nne nne, mechi 12, kisha nusu fainali na fainali.

Njia ya kupanga bila kujichanganya: timu moja ibaki palepale kwenye karatasi, nyingine zizunguke.

Raundi ya kwanza: Kusi na Umande, Kaskazi na Matlai.
Raundi ya pili: Kusi na Matlai, Umande na Kaskazi.
Raundi ya tatu: Kusi na Kaskazi, Matlai na Umande.

Kwa wiki sita, siku mbili kwa wiki, mechi mbili za raundi zikichezwa siku moja, timu nne zinakutana mara mbili, na siku sita zinabaki kwa netiboli, voliboli na siku ya fainali. Kushinda pointi 3, sare 1.

Ongeza kanuni moja ya kwenu, nayo msiilegeze: kila aliyeandikwa kwenye orodha ya siku hiyo lazima acheze angalau kipindi kimoja, na wachezaji wa timu ya shule wasizidi watatu kwa wakati mmoja upande mmoja. Timu ikivunja, inapoteza pointi zake za siku hiyo. Manahodha watalalamika, hasa wakiwa wanaongoza kwa bao moja na zimebaki dakika tano. Simama imara. Bila kanuni hii, baada ya wiki mbili utakuwa umerudi kwa vijana wale wale kumi na wanane.

Angalia pia kalenda ya mashindano ya shule za sekondari. Kwa kawaida kandanda, netiboli na voliboli huwa muhula wa pili, ngazi kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, Pwani, taifa, kisha Afrika Mashariki. Ligi yenu ya ndani imalizike kabla ya ngazi ya kwanza. Mwalimu atapata wachezaji wapya ambao hakuwahi kuwaona, na hapo atakuwa mtetezi wenu kuliko mtu yeyote.

Mwezi wa Ramadhani simamisheni ligi. Tumieni wiki hizo kwa bao, kufundishana sheria za mchezo na kushona nyavu. Muhula wa tatu waachieni wa mitihani nafasi yao.

Uwanja, na bahari inayouchukua

Shule nyingi za visiwani hazina kiwanja cha kutosha, kwa hiyo tunacheza ufuoni. Ufuo ni uwanja mzuri kama unajua saa za maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hujaa alasiri kati ya saa kumi na saa kumi na moja, yaani saa yenu yenyewe. Ukipanga fainali siku hizo utacheza na samaki. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo kufikia siku ya nane au ya tisa ya mwezi mwandamo, na tena siku ya ishirini na mbili au ishirini na tatu, maji ndiyo yanapwa alasiri. Ni maji mafu, hayaendi mbali, lakini mchanga mgumu wa kuchezea unapatikana. Andika ratiba ukiwa na kalenda ya Kiislamu pembeni, kisha mwonyeshe mvuvi yeyote mzee. Atakusahihisha kwa dakika moja.

Kabla ya kila mechi watu kumi watembee kwa mstari kutoka upande huu hadi ule wakiokota chupa, miiba ya mbigili, mifupa ya samaki, na kinyesi cha punda. Dakika tano zinatosha.

Vipimo: netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, na ringi iwe mita 3.05 kutoka chini. Voliboli ni mita 18 kwa 9. Kandanda ya ufuoni au ya kiwanja kidogo pimeni kwa nafasi mliyo nayo, wachezaji saba kila upande. Chukua kamba ya makumbi, ipige fundo kila mita, hicho ndicho kipimo chenu. Kona ikateni sawasawa kwa pembetatu ya mita 3, 4 na 5. Mkiipata hiyo, kona imenyooka. Mistari ya kiwanja cha udongo ichoreni kwa jivu. Chokaa isiyozimwa vizuri huunguza macho na ngozi, tusiitumie watoto wakicheza miguu mitupu. Ufuoni, lazeni kamba yenyewe juu ya mchanga mkaikaze kwa vigingi vilivyozikwa hadi kichwani.

Magoli ni boriti mbili za mikoko na pau la juu. Mikoko hukatwa kwa kibali, kwa hiyo nunueni kwa muuzaji mwenye leseni, au ombeni kwenye nyumba inayobomolewa. Wavu mwombeni mvuvi jarife lake kuukuu. Kukiwa na matundu, shoneni. Vizibao si lazima: kitambaa cha rangi cha kufunga mkononi kinatosha, na fundi cherehani atawakatia mabaki bure mkimwomba kwa heshima.

Mpira unauawa na chumvi, mchanga na jua. Ukishamaliza, pangusa kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kausha kivulini, punguza upepo kidogo. Na nunueni sindano tatu za pampu, kila moja ikae kwa mtu wake.

Wasichana

Nimeona shule zikisema "wasichana wetu hawapendi michezo." Waliulizwa lini? Walipewa mpira gani, uwanja upi, saa ngapi? Dada yangu alikuwa na mkono wa kurusha kuliko wangu, na miaka minne ya sekondari hakugusa mpira shuleni, kwa sababu hakuna aliyempa. Hilo linaniuma hadi leo.

Fanyeni haya. Pawe na kiranja msichana wa michezo, mwenye ufunguo wa pili wa stoo, asiye chini yako. Mipira igawiwe nusu kwa nusu hata kama wavulana ni wengi zaidi uwanjani wiki ya kwanza. Wapeni uwanja wa ndani ya ukuta wa shule, usiotazamwa na kila apitaye njiani, na mwalimu wa kike awepo. Wavulana wafukuzwe ukingoni ikiwa wamekuja kucheka. Mimi niliwatoa marafiki zangu mwenyewe.

Mavazi yasiwe kizuizi. Suruali ndefu pana, shati la mikono mirefu, na mtandio wa kitambaa cha kunyumbuka usio na pini. Pini ni hatari kwa mvaaji na kwa mwenziwe. Akikwambia mtu kwamba hijabu imekatazwa mpirani, mwambie wenye sheria za kandanda waliiruhusu rasmi Machi 2014. Picha za wasichana wakicheza zisipigwe wala kusambazwa kwa simu bila ya wao na wazazi wao kukubali. Picha moja iliyotumwa ovyo inaweza kuwarudisha majumbani wote.

Kisha nendeni kwa kina mama. Kiranja msichana aende na mwalimu wa kike, waeleze nani atakuwepo, wapi, na binti atafika nyumbani saa ngapi. Mama mmoja akikubali, jirani yake atakuja kuuliza.

Wale wasiotaka kukimbia kabisa, au wasioweza, nao wana nafasi: mtunza saa, mwandika matokeo, mshika kibendera, mwamuzi wa bao. Mwenzetu mmoja aliyetembelea mkongojo alikuwa refa mkali wa voliboli kuliko sote, kwa sababu macho yake hayakutoka kwenye wavu.

Kuwaamsha watu

Tangazo la gwaride huingia sikio hili likatoka lile. Ubao wa matokeo mahali pa kupita wote, ukibadilishwa siku ile ile ya mechi, hufanya kazi zaidi. Na sisi ni watu wa mji wa mashairi, basi mpeni mshairi wa shule beti moja kila wiki, isomwe Ijumaa:

Leo Kusi yavumile, Umande hakusimama,
Mpira nao ulele, wavuni ukaegema,
Mwenye goli ashangele, mikono imemkwama,
Jumanne musilale, ya pili yaja mapema.

Timu ya Umande ikijibu kwa beti yake, ligi yenu imeshika. Sharti moja: mtu asitajwe kwa jina wala kwa ukoo.

Waamuzi na ugomvi

Wafundisheni waamuzi wanane kabla ya mechi ya kwanza, mwalimu akisimamia. Refa asitoke timu inayocheza. Malalamiko yaandikwe na nahodha siku hiyo hiyo na kupelekwa kwa kamati ya watu watatu wasiohusika. Uwanjani hakuna mjadala. Anayepiga mtu anakaa nje mechi mbili, awe nani.

Joto, maji na majeraha

Ndoo ya maji safi yenye kifuniko, kikombe cha kuchotea na vikombe vya kunywea, kabla hata ya mpira. Mtu akizidiwa na joto, mpelekeni kivulini, mlowesheni, mpeni maji kidogo kidogo. Aliyeharisha au kutapika apewe lita 1 ya maji safi yenye vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Kifundo kikiteguka, asiendelee. Barafu mnaipata kwa wauza samaki: ifungeni kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha bendeji na mguu uinuliwe. Msimkande wala kumvuta. Aliyegongwa kichwa atoke na asirudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yu mzima. Akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia, ni hospitali mara moja pamoja na mwalimu.

Mkivuka maji

Mechi na shule ya Mokowe, Faza au Siyu ni raha kubwa, na ndipo hatari kubwa ilipo. Uamuzi wa kuvuka ni wa mwalimu na nahodha wa chombo, kamwe si wenu. Lakini kiranja ana kazi yake: orodha ya majina nakala mbili, moja ibaki shuleni, jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, limefungwa mwilini, lisiwe la kukalia, hesabu ya vichwa wakati wa kupanda na wa kushuka. Njia ya Mkanda, mlango wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, haipitiki vizuri maji yakipwa, kwa hiyo saa ya kurudi huamuliwa na maji, hata mechi ikiwa sare. Kusi ikivuma kwa nguvu, ahirisheni.

Pesa na daftari

Usishike pesa peke yako. Awepo mweka hazina, na mwalimu atie sahihi kila senti inayoingia na kutoka. Zawadi ya fainali isiwe kubwa: madafu kwa timu zote nne na halua kwa washindi ilitutosha.

Nunua daftari moja gumu. Andika kila mechi, kila jina lililocheza, kila kitu kilichoingia stoo na kilichoharibika, nani alitusaidia wavu, maalim yupi tulizungumza naye, na siku zipi maji yalitukatiza. Wiki mbili kabla ya kuondoka madarakani, kaa na kiranja mpya, msomee daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha mpe ufunguo, daftari na sindano zote tatu za pampu.